Shavuni, Si Kooni

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ufagio, kipande cha leso kuukuu ya kujitanda na simbilisi mwenye hasira. Kwa asiyemjua, simbilisi ni mnyama mdogo wa jamii ya panya, hana mkia, ana umbo la mkate, na watoto wa mjini humfuga ndani ya sanduku. Kwetu wengi humwita panya wa kizungu, na dharau yote huanzia hapo.

Nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na saba. Mnaotaka kucheka chekeni sasa mumalize. Nilifanya kazi katika zahanati ya wanyama tangu nilipomaliza kidato cha nne, na wasichana walioingia baada yangu hawaachi kuniuliza swali moja: mnyama mdogo asiyetaka dawa hunyweshwaje? Basi naandika mara moja, wasome wote.

Zahanati yetu iko kwenye kichochoro kinachotoka barabara ya Ndia Kuu, nyuma ya maduka ya vinyago. Wagonjwa karibu wote ni paka, maana Mji wa Kale hauishiwi paka. Mkuu wa kwanza niliyemtumikia tulimwita Daktari tu. Ni mtu wa bara, sauti yake ya chini, na mvivu hamvumilii hata kidogo.

"Nawa mikono," aliniambia siku ile.

"Nimenawa, Daktari."

"Umenawa, kisha ukamshika paka. Huyu akinusa paka kwenye vidole vyako anajua amekuja kuliwa. Nawa tena."

Nikanawa tena. Akanionyesha kumfunga simbilisi kwa leso kama sambusa: mwili wote ndani, miguu ndani, kichwa peke yake nje. Mnyama hukaa mapajani kwa tumbo, kama anavyosimama mwenyewe. Dawa huvutwa kwa bomba la sindano lililotolewa sindano. Nyuma ya meno ya mbele ya simbilisi pana pengo, amezaliwa nalo, na hapo ndipo bomba huingia, kutoka ubavuni.

"Shavuni, si kooni," alisema Daktari. "Tone moja. Ngoja. Akitafuna, tone jingine."

"Na asipotafuna?"

"Unangoja."

"Mpaka lini?"

"Kwani una mahali pa kwenda?"

Sababu yake ni hii. Simbilisi hawezi kutapika. Ukimmiminia dawa kwa fujo hupaliwa, na dawa huingia mapafuni. Mtu mzima akipaliwa hukohoa, akagongwa mgongo, yakaisha. Kiumbe kisichofika kilo hakina nguvu hizo. Kwa hiyo halazwi chali, na pua yake haibanwi. Narudia kwa wenye masikio mazito: pua haibanwi. Akimaliza, mpe jani la dania, analolipenda sana, ili kesho akikuona akumbuke dania kabla ya kukumbuka dawa.

Baadaye nilihamishiwa tawi la Makupa, chini ya Msimamizi. Huko kuna kuku, mbuzi na mbwa wa walinzi, na kelele za malori kutwa. Msimamizi alikuwa mama mmoja wa kusimama mlangoni mikono kiunoni.

"Dada, watu wamefika hadi barabarani, nawe unabembeleza panya?"

"Simbilisi."

"Panya ni panya. Mlaze chali, mmiminie, mwingine aje."

"Akifa, mwenye mnyama utamwambia wewe?"

Wiki haikuisha nikarudishwa Ndia Kuu. Yeye aliona amenitia adabu. Mimi nilipakia vitu vyangu nikiimba.

Nikaolewa, nikahamia kwa mavyaa yangu, mama yake mume wangu, nyumba ya juu palepale Mji wa Kale. Nikamzaa Idrisa. Alipoanza kukaa mwenyewe nilirudi kazini, na mavyaa akawa anabaki naye. Idrisa alikuwa na kikohozi kisichoeleweka. Alipewa dawa ya maji na daktari wa watoto, kikapoa, kikarudi. Nikalaumu vumbi. Nikalaumu feni.

Katika nyumba ile ile alikaa Swaumu, binti wa wifi yangu, mtoto wa madrasa, na simbilisi wake aitwaye Bofulo, yaani mkate. Bofulo alianza kutokwa na makamasi, kisha akaacha kula. Nikampeleka kwa Daktari.

"Huyu asipokula kutwa nzima, tumbo husimama," alisema. "Likisimama, usiniite. Dawa asubuhi na adhuhuri, bila kukosa."

Asubuhi nilimpa mimi. Adhuhuri niko kazini na Swaumu yuko madrasa, kwa hiyo nilimketisha mavyaa nikamwonyesha kila kitu, leso, pengo, shavu, tone.

"Haya, nimeona, mwanangu. Kwani ni kazi kubwa?"

Siku ya pili yake Daktari alituruhusu mapema. Nilipanda ngazi nikamkuta mavyaa ukumbini juu ya mkeka, amenyoosha miguu, Bofulo amelazwa chali katikati ya miguu yake. Vidole viwili vimebana pua. Mkono wa pili una kijiko. Idrisa amekaa kando yao anacheka.

"Mama! Wafanya nini?"

"Nampa dawa. Mbishi huyu! Ukimbana pua hufungua mdomo, atake asitake."

"Si nilikuonyesha?"

"Ulinionyesha. Tone, ngoja, tone, ngoja, na mie n'na wali jikoni! Mbona mwanao anywa hivi hivi na hajafa?"

Nilisimama pale na mkoba wangu begani. Kile kikohozi chote kikanipitia kichwani, wiki baada ya wiki.

"Idrisa wamnywesha hivi?"

"Kila siku. Nimelea sita hivi, na mumeo ni mmoja wao. Mumeo amekufa?"

Niliyomjibu sitayaandika. Nilipaza sauti hata jirani wa chini akafungua dirisha.

"Kuna nini huko juu?"

"Panya amepewa dawa!" mavyaa akamjibu.

"Makubwa! Wenzenu twawatilia sumu, nyinyi mwawatibu!"

Wakacheka wote wawili. Bofulo alikuwa akipumua kwa sauti ya maji yanayotokota. Nikamtia kikapuni na Idrisa nikambeba, nikakimbia nao hadi zahanati. Daktari alimsikiliza Bofulo kifua, akaondoa kipimo masikioni taratibu.

"Imeingia mapafuni."

Tulimpa hewa, tukamweka penye joto. Kabla ya alasiri alikufa.

Swaumu alirudi kutoka madrasa akakikuta kikapu mezani. Nilimwambia. Hakulia mara moja. Alimgeukia mavyaa, aliyekuwa mlangoni pa jikoni na mwiko mkononi.

"Bibi, ulimpa dawa?"

"Nilimpa."

"Akanywa?"

Mavyaa akageuka, akarudi kwenye sufuria yake.

Siku iliyofuata nilimpeleka Idrisa hospitali, akasikilizwa kifua mbele na nyuma. Alhamdulillahi, mapafu yalikuwa mazima. Mume wangu aliniambia nisikuze mambo, mamake ana uzoefu. Uzoefu! Nikamwuliza kama atabaki yeye na mtoto. Akakumbuka ana safari ya Liwatoni, papa hapa mjini.

Nikaenda kumuaga Daktari.

"Utarudi lini?"

"Nikipata wa kumwachia mtoto."

"Si yuko mama mkwe wako?"

Nikaikunja ile leso kuukuu, nikamwekea mezani.

Hivyo ndivyo nilivyostaafu. Sikupewa saa ya ukutani wala hotuba. Kazi niliijua na niliipenda, na kukaa nayo mbali kunaniudhi kila nikipita kichochoro kile. Nyinyi mnaoanza, Msimamizi wa namna ile mtampata popote, na wa kuwaita madaktari wa panya hawatakosekana. Waacheni waseme. Nyinyi ngojeni mnyama atafune.

Juma lililopita Idrisa alipata homa. Nilipima dawa yake kwenye bomba, na nilipogeuka nikaona mavyaa ameshamchukua. Nikafungua mdomo nipige kelele.

Alimketisha wima mapajani. Akachukua leso, akamfunga mikono ndani, kichwa nje, vizuri kuliko nilivyowahi kufunga mimi. Akanyoosha mkono nimpe bomba. Hakunitazama.

"Shavu lipi?"

"Lolote, Mama."

Akatia tone. Akangoja. Idrisa akalizungusha mdomoni, akakunja uso, akameza. Akatia jingine, akangoja tena. Jikoni wali ulianza kuungua, sote wawili tukisikia harufu, na hakuna aliyeinuka.