Mzee wa Sauti ya Tatu

Nikinusa maganda makavu ya machenza, namkumbuka mzee wa Kichina aliyeyauza dukani kwake, pale mtaa wa Yide Lu. Ujanani aliimba opera, sauti ya tatu, ile ya juu ya wanaume, mpaka alipopasuliwa koo. Mama, mwanakwaya, alimwomba kwa Kichina chake cha sokoni aniimbie kidogo.

"Sauti imekwisha," alisema mzee.

"Mama, mwambie hata ikiwa mbaya nitaisikiliza," nikasema.

Mama alipomfikishia, mzee alicheka, akafunga mlango, akaimba. Sauti ilikwaruza, ikakatika kila ilipopanda. Mkewe alitoka stoo na ungo mkononi, akasimama nyuma yake, machozi yakimtoka. Mzee hakumwona. Nilipotaka kumwonyesha, yule bibi aliweka kidole mdomoni, akatikisa kichwa taratibu.