Nilisema Mshono Ndio Mbaya, Nikijua Ni Mkato

Wasomaji wenzangu, nimemwomba mhariri anifichie jina na ayabadilishe ya wenzangu, kwa maana ukurasa huu unasomwa hata kazini kwetu saa ya chai. Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita. Nakaa Kaloleni, mume wangu ni mfanyakazi wa reli na tuna watoto watatu. Nafanya kazi Eastleigh kwenye karakana ya kushona yunifomu za shule. Tuko mafundi kumi na mmoja, na tangu mwaka juzi mimi ndiye msimamizi wao.

Kazi hii nilifundishwa na mama mmoja mtu mzima, nitamwita Mama Zainabu. Yeye ndiye mkataji wetu, yaani anapima kitambaa, anachora kwa chaki na kukata vipande, halafu sisi wengine tunashona. Nilipoingia pale nilikuwa msichana asiyejua hata kutia uzi kwenye cherehani, naye akanikalisha kando yake mpaka nikajua. Tajiri mwenye karakana aliponichagua mimi kuwa msimamizi kwa vile nasoma Kiingereza, wengi walidhani Mama Zainabu atanuna. Badala yake alinishika mkono mbele ya watu wote akasema, "Mwanangu, simama wima uwaambie watu kazi. Mimi nitakuwa wa kwanza kukutii." Na kweli alinitii.

Mwaka huu nikaanza kumwona anapapasa mstari wa chaki kwa kidole gumba kabla ya kuweka mkasi. Nilipomuuliza alisema chaki za siku hizi hazina rangi. Nikamwambia kwa upole, "Mama, twende hospitali ukapimwe macho." Alinitazama kwa hofu ambayo sijawahi kuiona kwake. "Umetumwa na tajiri?" akauliza. Nikaapa sikutumwa. Akanishika kanga akaniambia, "Basi usiseme kwa mtu. Nikitoka hapa nitakwenda wapi? Mimi sina mume, sina mtoto, nina mkasi huu tu."

Nikamwahidi. Nikawa naamka mapema, nafika karakana kabla ya wengine, napima upya vipande vyake vya jana na kurekebisha vilivyopinda. Miezi mitano nilifanya hivyo, na nilidhani huko ndiko kuwa kiongozi mwema. Kisha mtoto wangu wa mwisho akashikwa na surua nikakosa kazi siku tatu. Siku hizo tatu ndipo zilipokatwa na kushonwa sketi za shule moja kubwa.

Sketi zilirudishwa zote. Mbele fupi, nyuma ndefu, marinda yamevutwa upande. Tajiri alizimwaga sakafuni akauliza nani amezishona. Kila fundi hufunga kikaratasi chenye jina lake kwenye kazi yake, na jina lilikuwa la Wanjiru, mama wa watoto wawili anayewalea peke yake kule Dandora. Jamani, mshono wa Wanjiru umenyooka kuliko wetu sote.

Wanjiru hakutetemeka. Alisema, "Tajiri, mimi nimeshona vile nilipewa. Vipande vilikuja vibaya. Angalia mkato."

Tajiri akanigeukia. "Wewe ndiye msimamizi. Ni mkato ama ni mshono?"

Mama Zainabu alikuwa amesimama mezani kwake, mkono juu ya kitambaa, ametulia kabisa. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo, kwa sababu hajui ninavyomrekebishia kila asubuhi. Anaamini mkono wake bado ni ule ule. Nikafungua mdomo nikasema, "Ni mshono."

Wanjiru alifukuzwa palepale. Hakunitukana. Alichukua sweta yake kwenye msumari akatoka.

Tangu siku ile karakana imekufa. Walikuwa wananiita dada, sasa wananiita madam. Nikiingia mazungumzo yanakatika. Zamani mtu akivunja sindano au akishona kola vibaya alikuja kuniambia tukatengeneza pamoja tukicheka. Siku hizi wanaficha, nagundua mzigo ukiwa tayari kwenda. Siwezi kuwalaumu. Nani atamletea kosa lake mtu kama mimi? Na aliyenichoma zaidi ni Mama Zainabu mwenyewe. Aliniambia tukinywa chai, "Umefanya vizuri kumtoa yule. Alitaka kuniharibia jina."

Wiki jana Wanjiru alinisubiri mlangoni. Nilidhani amekuja kunitolea maneno. Aliniamkua vizuri, akaniuliza hali ya mtoto, kisha akasema, "Dada, kuna karakana nyingine wananitaka, lakini wanataka barua kutoka kwa msimamizi wangu. Niandikie tu kwamba najua kushona. Hayo mengine mimi nimemwachia Mungu." Ni yeye peke yake aliyebaki akiniita dada.

Nilimwambia aje Jumatatu. Nimeshika kalamu mara nyingi na mkono haujaandika hata neno. Nikiandika anajua kushona, tajiri akija kuulizwa, na huku watu wa kazi hii wanaulizana, atataka kujua basi zile sketi ziliharibiwa na nani. Mama Zainabu atatolewa, na atajua kwamba mimi nilimwona akipofuka nikamwacha ajidanganye. Nami sijui kama nitabaki. Nisipoandika, nitakuwa nimemfukuza Wanjiru mara ya pili, safari hii bila kuulizwa na mtu. Mume wangu anasema ninyamaze, kazi ni kazi. Mimi nimeshindwa kunyamaza na nimeshindwa kusema.

Ninyi mnaosimamia watu, na ninyi mnaosimamiwa, niambieni ukweli hata kama ni mchungu. Wanjiru akisimama mlangoni Jumatatu, nimpe nini mkononi?