Koti Moja la Krismasi Zote

Vijana wanaosoma blogu yangu hawachoki kuniuliza swali moja: ni mahali gani Nairobi unapopenda zaidi kupiga picha? Wanataka nitaje maghorofa ya mjini, au twiga wa mbugani na mji ukionekana nyuma yao. Nikiwaambia ni geti la watu huko Buruburu, geti ambalo siku hizi halipo, wanadhani nawafanyia mzaha. Basi leo nitaeleza, na asiyependa maneno mengi aangalie picha aende zake.

Miaka ya tisini nilikuwa mpiga picha wa mtaa. Mwanamke na kamera shingoni, huku Eastlands, kilikuwa kichekesho. Waliniita Mama Picha kabla sijapata hata mtoto, nami nikaitika, maana biashara haitaki kununa. Nilikuwa na kibanda karibu na maduka ya Buruburu, lakini kazi yenyewe ilikuwa nje, Jumapili baada ya kanisa, na zaidi ya yote wakati wa Krismasi. Watu walitoka Huruma, wengine Mukuru kwa Reuben, wameoga na kujipaka mafuta wakang'ara, waje kupigwa picha mbele ya nyumba nzuri. Hakuna aliyetaka kupigwa mlangoni kwake. Picha ile ilikuwa inakwenda mashambani, ibandikwe ukutani kwa wazazi, na mzazi alitakiwa aone kwamba mwanawe hajapotelea Nairobi.

Nyumba waliyoipenda ilikuwa na geti la kijani, na bogenvilia imepanda juu ya ukuta ikamwagikia nje. Mwenyewe alikuwa mama mmoja karani wa serikali, mkali wa mdomo na mwepesi wa moyo. "Pigeni," alikuwa akisema, "lakini mtu asiniegemee geti, na hayo maua ni ya kuangalia."

Upande wangu nilikuwa na koti. Lilikuwa la marehemu baba yangu, aliyefanya kazi reli, koti la rangi ya kahawia, nami nilitembea nalo mkobani pamoja na tai na vibanio vya nguo. Kijana asiye na koti nilimwazima. Likimpwaya, nilivuta kitambaa mgongoni nikakibana na kibanio cha kuanikia nguo, na kwa mbele akaonekana ameshonewa lake. Huo ujanja wapiga picha wa mtaa wengi walikuwa nao, mtu asikudanganye.

Miongoni mwa wateja wangu alikuwa kijana wa Ukambani, kibarua wa kiwanda cha sabuni Industrial Area, mkaaji wa Mukuru. Alikuwa na utani mwingi, na nilimpenda kwa hilo. Kila Krismasi alivaa lile koti, akasimama kando ya geti, mkono mmoja mfukoni utadhani anatafuta ufunguo. Picha ikishasafishwa, alimpa mtu wa kwao anayepanda basi ampelekee mama yake. Mwaka wa kwanza koti lilimbana hata vifungo vikagoma. Miaka ikasonga, kazi kiwandani ikawa leo ipo kesho haipo, na kibanio changu kikaanza kupata kazi mgongoni kwake.

Siku moja, mvua za masika zikiwa ndiyo zinaanza, akaja kibandani bila utani wowote.

"Sista, nimekwisha," akasema. "Mathe anakuja Jumamosi."

"Si ni jambo zuri?"

"Zuri wapi? Ametuma habari kwamba anataka kulala kwa mwanawe. Na kwa mwanawe anapajua ni pale kwenye geti. Sikumwambia kwa mdomo, lakini picha si ameziona?"

Nikamshauri amwambie ukweli, yaishe. Akatikisa kichwa. Mama yake, akasema, alibaki mjane mapema, akauza ng'ombe wa mwisho ili yeye afike Nairobi. Picha zile ndizo tu alizowahi kumrudishia. "Akinikuta kwenye kile chumba cha mabati, sista, nitamtazama kwa macho gani?"

Nilimhurumia sana. Tukaenda pamoja kwa mwenye nyumba, naye alitugombeza vizuri, akatukumbusha kwamba njia ya mwongo ni fupi. Alipomaliza kufoka akasema, "Mleteni saa ya chai. Kulala, hapana."

Jumamosi mama akaja. Alikuwa mdogo wa umbo, amejifunga leso juu ya sweta, na gunia mgongoni limeshikwa na ukanda uliopita kwenye paji la uso, kama wanavyobeba akina mama wa kwao. Kijana alitaka kumpokea mzigo, akakataa. Nami nilikuwepo kwa kisingizio cha kupiga picha ya ukumbusho. Tukaketi sebuleni. Kijana alikuwa amevaa koti langu, kibanio mgongoni, kwa hiyo alikaa wima kwenye ukingo wa kochi asiweze kuegemea. Mwenye nyumba akamwaga chai, akaleta mandazi. Mama akaomba Mungu, akanywa taratibu mpaka kikombe kikaisha, akamgeukia mwenye nyumba.

"Asante kwa chai, mama. Mungu akuwekee nyumba yako." Kisha akamgeukia mwanawe. "Nimekunywa chai ya watu. Sasa nipeleke kwako nikapike."

"Mwaitu," kijana akaanza, ndivyo Wakamba wanavyomwita mama, "hapa si ndiyo..."

Mama akafungua fundo la leso, akatoa picha zote, akazipanga mezani moja baada ya nyingine. Sikuwahi kuziona pamoja. Nilizipiga mwaka kwa mwaka, na kila moja nilipoitoa niliiona safi, nikaenda kwa mteja mwingine.

"Nyumba sijakuuliza," mama akasema. "Vijana wa kwetu wote wamepigwa kwenye geti hili. Nikajiuliza, nyumba gani hii yenye wana wengi hivi?" Mwenye nyumba akacheka kidogo. "Mimi ninaangalia koti. Koti ni lile lile. Hapa limekujaa. Hapa limelegea. Hapa mabega yameanguka." Kidole kikafika kwenye picha ya Krismasi iliyopita. "Na hapa mmelikunja nyuma. Koti linakunjika, shingo haikunjiki. Sikuja kuona nyumba, mwanangu. Nimekuja kukuuliza unakula nini."

Kijana aliinamisha kichwa akalia, mtu mzima, mbele yetu sote. Mama akainuka, akapita nyuma yake, akakitoa kile kibanio na kunipa mkononi bila kuniangalia. Niliona haya. Lakini zaidi ya haya niliona wivu, nasema kweli, maana mama yangu alikuwa ameshakufa na hakukuwa na mtu wa kuangalia kama nimekonda au nimenenepa.

Tukatoka wote watatu. Tukavuka Jogoo Road, tukakata katikati ya viwanda mpaka Mukuru, na gunia mama hakukubali kuliachia hata huko. Mbele ya chumba cha mabati ndipo akalishusha. Lilikuwa na ndengu, unga, mbaazi na kuku mzima aliyefungwa miguu. Majirani wakaleta jiko, mwingine akaleta sufuria kubwa, na waliokuwa jirani wote wakala. Mgeni njoo, mwenyeji apone, si maneno ya bure. Nikampiga yule kijana akiwa ameketi mlangoni kwake na shati lake mwenyewe, sahani mapajani, mama amesimama juu yake ameshika mwiko. Ni picha ninayoipenda kuliko zote nilizowahi kupiga, na ndiyo niliyoiweka juu ya maneno haya.

Krismasi iliyofuata nikamwona anakuja tena Buruburu. Nilikuwa nimeshajiandaa kumwambia twende tukapige Mukuru, kwa kuwa sasa hakuna cha kuficha. Yeye akaenda moja kwa moja mpaka getini.

"Leta koti," akasema.

"La nini tena?"

"Mathe amekataa nibadilishe. Geti lile lile, koti lile lile. Anasema bila hivyo hawezi kuniona." Akaingiza mikono. "Na amesema ile kitu ya nyuma usiweke."

Akafunga vifungo. Lilikuwa bado linampwaya, ila si kama mwaka uliopita. Nikakirudisha kibanio mkobani, nikampiga hivyo hivyo.