Nyota Iliyojificha Pembeni mwa Jua

Nilijifungua binti yangu wa kwanza Geita, kwenye nyumba za wafanyakazi wa mgodi wa dhahabu, alfajiri ile ile nyota yenye mkia ilipoonekana mashariki. Siku chache kabla, jua lilikuwa limepatwa asubuhi, mwanga ukafifia hata mbuzi wakaanza kurudi zizini. Majirani wakaunganisha mambo hayo yote na mwanangu. Waliokuja kunipa hongera hawakutaka kumpakata.

Mama mkwe alikuwa ametoka kijijini, upande wa Shinyanga, kuja kunitunza. Alinipenda, lakini aliogopa.

"Mtoto asitoke nje mpaka kitu hicho kiondoke," alisema, akatundika kanga dirishani.

Nilikaa na mwanangu katika giza lile siku saba, nikilia kila nilipomnyonyesha. Mume wangu alirudi kutoka shimoni hoi, akalala.

Siku ya nane akafika shemeji yangu, dereva wa lori, akitokea Nairobi.

"Shikamoo, mayu," alimwamkia mama yake.

"Marahaba, mwanangu. Huko nako mmeiona nyota?"

"Tuliiona kabla yenu. Jua lilipofunikwa lote, kukawa giza, watu tukatazama juu. Hiyo hapo, pembeni mwa jua, na mkia wake! Wazungu wenye darubini nao walishangaa, hawakuwa na habari nayo. Wanasema ilikuwa imepita karibu mno na jua, mwanga ukaificha. Sasa inakwenda zake mbali, ndiyo maana mnaiona alfajiri."

Mama mkwe aliweka mkono shavuni.

"Kwa hiyo siku ile jua lilipopatwa, ilikuwapo tayari?"

"Ilikuwapo, mayu."

"Na huyu alikuwa bado tumboni." Akanigeukia. "Basi hakuja nayo. Tumemwonea mtoto bure."

Kesho yake, kabla hakujapambazuka, alimfunga mwanangu mgongoni, akanishika mkono, tukatoka. Mkia ulikuwa mrefu, mweupe, umesimama juu ya vilima. Majirani waliokuwa wakienda kisimani walisimama. Mama mkwe akawaita mmoja mmoja kwa sauti.

"Njooni mumsalimie mjukuu wangu!"

Wakaja. Wa kwanza kumpakata alikuwa jirani wa mlango wa pili, yule aliyenikimbia kuliko wote.

Shemeji nilimshukuru siku ile ile. Mama mkwe sikupata maneno ya kumshukuru; nilimpa mtoto jina lake.