Mwandishi Aliyeacha Foleni ya Sukari

Jumamosi iliyopita nilipanga foleni ya sukari kwenye duka la ushirika, Kariakoo. Mbele yangu alisimama mwandishi wa riwaya za upelelezi, ambaye huwa tunasali naye kanisa moja. Mara mama mmoja akamgusa bega.

"Ndugu, samahani. Si wewe uliyeandika kitabu cha padri aliyeuawa?"

"Ndiyo, mama."

"Mume wangu amelazwa, hana siku nyingi. Nilikuwa namsomea, kumbe kurasa za mwisho zimechanwa. Kila nikienda ananiuliza, nani alimuua?"

Mbele yetu walibaki watu watatu tu. Mwandishi aliutazama mlango wa duka, akakunja kikapu chake na kuondoka na yule mama.

Jana kabla ya misa nilimuuliza mwandishi ilikuwaje.

"Mgonjwa alinizuia nisimwambie, akataka kukisia mwenyewe. Akamtaja mpiga kengele."

"Akapatia?"

"Hapana. Lakini nilimwambia amepatia. Akamgeukia mkewe, akasema, 'Si nilikwambia?' Alicheka, ndugu yangu, mpaka nesi akaja."

Kisha akaenda kuungama uongo huo. Ningekuwa padri, malipizi yake yangekuwa mepesi sana.