Wallahi ya Abdulwahab mezani

Saa tatu asubuhi jua limeshawaka kwenye mashamba ya chumvi, nje kidogo ya Bagamoyo. Abdulwahab Mgeni, 54, anakokota chumvi kwa reki ya mbao, miguu peku, macho chini.

"Usinipige picha ya uso," anasema. "Uso wenyewe sina."

Kila gunia humpa shilingi elfu mbili, na chumvi humla nyufa za miguu. Lakini kinachomuuma si miguu. Nyumbani Zinga yeye ndiye muadhini.

Pokeri, karata za kuwekeana dau, alijifunza alipokuwa mlinzi wa hoteli ya watalii. Mvua zikinyesha chumvi haivuniki, basi wavunaji hujibanza bandani na karata.

"Mkwara hauchimbwi ovyo," anaeleza na, astaghfirullah, macho yanamng'aa kidogo. "Ukipata magarasa, tupa. Watu wakishazoea kwamba Abdulwahab akipandisha dau anazo, ndipo siku moja unapandisha na huna."

Siku hiyo hakuwa nazo. Walibaki wawili, yeye na Rajabu, mvunaji mwenzake, ambaye dau lake lilikuwa fedha ya mabati ya nyumba. Rajabu akasita.

"Ami, unazo kweli?"

"Wallahi ninazo."

Rajabu akatupa karata zake, ree tatu nzima, karata za ushindi! Hakudai kuona za mwenzake. Nani amdai muadhini ushahidi?

"Sikumtisha kwa dau, nilimtisha kwa Mungu," anasema Abdulwahab. "Naona haya, mwanangu, haya mpaka ya kula."

Kesho yake alimrudishia fedha zote, akisingizia kuwa anamchangia mabati. Rajabu akamwombea dua mbele za watu. Tangu hapo Abdulwahab anajidai ana mafua, na adhana anaisoma mwingine.

Tukiwa tunazungumza, Rajabu anafika na karai kichwani. Anacheka.

"Mwandishi, andika vizuri. Ami huyu hajui uongo."

Abdulwahab anaweka reki chini. "Rajabu, siku ile sikuwa na kitu. Magarasa matupu."

Rajabu anatua karai polepole. "Fedha ulinirudishia, Ami. Na ile Wallahi?"

Anajitwika karai lake, anaondoka bila kuaga.

Abdulwahab anajifuta uso kwa mkono wa shati. Anasema atatoa kafara ya kiapo, alishe maskini kumi, kisha amwambie imamu ukweli na kumwachia adhana yake.

"Ninaloomba ni moja tu," anasema. "Siku Rajabu akiniuliza neno, nimjibu, na aniamini bila kuapa."