Neno Lisilokuwemo Kwenye Jalada

Nilimzaba kofi moja tu, na mpaka leo najuta kwamba hayakuwa mawili. Alikuwa msimamizi wetu katika ghala moja kule Clairwood, hapa Durban, Mkongo mwenzangu, tena muumini wa kanisa letu. Alinitukana mbele ya watu wa zamu, nikampiga, naye akaenda polisi siku hiyohiyo, shavu likiwa bado limevimba.

Katika mahakama ya chini aliapa kwamba hakunitukana kamwe. Zamu yangu ilipofika, hakimu aliniuliza: alikuambia nini hasa? Mkalimani akanigeuzia kwa Kiswahili, akangoja. Nyuma yangu alikuwa amekaa mama yangu, amevaa kitenge chake cha Pasaka. Tusi lile lilimhusu yeye. Kwetu mtoto hatamki jambo la namna ile mama yake akisikia. Nikasema, "Aliniambia maneno mabaya." Hakimu akauliza tena, nikarudia hivyohivyo. Yule bwana akatabasamu. Tunatoka kijiji kimoja, alijua sitasema, akaifanya adabu yangu kuwa ngao yake.

Nikaonekana nina hatia. Sikufungwa, lakini jina langu liliingia doa, na kila nilipoomba kazi ya kutunza wagonjwa, ambayo nimeisomea, waliniuliza habari za doa hilo. Nikaapa kulifuta. Kusema ukweli, kulifuta ilikuwa nusu tu ya haja yangu. Nusu nyingine nilitaka yule mtu aitwe mwongo mbele ya watu wenye majoho, nami niwepo nione uso wake.

Rufaa ya kwanza ilianguka. Wakili wangu, mama mmoja wa Kizulu aliyenisaidia bure, akasema imebaki mahakama ya juu kabisa, Johannesburg. Nilifurahi kupita kiasi. Nikaanza kujizoeza mbele ya kioo chumbani kwetu Albert Park: nitasimama hivi, nitamnyooshea kidole hivi, mama nitamwacha Durban, na neno nitalisema lote.

Wakili aliposikia mpango huo alishika kichwa.

"Eish, dada yangu! Kule hakuna shahidi anayesimama. Majaji wanapewa jalada, wanasoma yaliyosemwa huku chini, wanatazama kama sheria ilikosewa. Mara nyingi hata hawakuiti. Wanasoma, wanakataa kwa barua."

Nikamsihi aliongeze neno langu kwenye jalada. Akasema ushahidi mpya hupokelewa kwa nadra sana, tena ule ambao mtu hakuwa na njia ya kuupata mapema.

"Wako ulikuwa nao mdomoni," akasema.

Barua ikaja, ukurasa mmoja. Rufaa haina matumaini ya kufaulu, ombi limekataliwa. Nililia kwa hasira, si kwa huzuni. Nilimwombea yule mtu magonjwa ambayo siwezi kuyaandika hapa, na Mungu anisamehe akitaka.

Mama alinikuta nimeishika.

"Leo utaniambia," akasema. "Alikuambia nini ile siku?"

Nikainamisha kichwa, nikamwambia. Kwamba mimi sina baba. Kwamba mama yangu alinipata kambini, kwa wanajeshi.

Nilidhani ataanguka. Alivuta kiti, akaketi.

"Njo ile tu? Ni kweli, mwana yangu. Balinikamata, si miye niliwaendea. Juu ya nini haukusema? Ningesimama miye mbele ya ule juge, nimwambie yote."

Miaka yote ile nilikuwa namficha mtu ambaye hakutaka kufichwa. Nikamkasirikia na yeye kidogo, kisha nikajikasirikia mwenyewe, halafu hasira yote ikarudi kwa yule bwana.

Jumapili iliyofuata, yule bwana alikuwa mbele akiongoza nyimbo kama kawaida yake. Ulipofika wakati wa ushuhuda, mama akanyanyuka, akaenda kumpokonya maikrofoni. Akaeleza kutekwa kwake, kambi, na kuzaliwa kwangu, bila chozi hata moja.  Kisha akamgeukia yule bwana.

"Uliambia mwana yangu nini kule ku ghala? Sema hapa, bote basikie."

Yule bwana akatazama viatu vyake. Mchungaji akataka kuingilia kati, mama akamwinulia kiganja.

"Nangojea," akasema.

Midomo ya yule bwana ilicheza, sauti haikutoka. Nilimtazama usoni muda wote, na sikumwonea huruma hata chembe.